Chupa mezani, sheria mlangoni: mvinyo wa Porto na divai katika Elisabethville ya kikoloni

Barabara itokayo Lubumbashi kuelekea kaskazini-mashariki hugawanyika Kasomeno. Tawi moja huteremka hadi Kasenga, ukingoni mwa mto Luapula. Jingine huendelea kaskazini hadi Pweto, penye ziwa Mweru. Katika karne ya 20 samaki wa Luapula walipelekwa mjini kwa upande huo ili kuwalisha wachimba shaba wa Union Minière, na wafanyabiashara wa Kigiriki waliofanya makazi Kasenga walipata riziki kubwa kwa biashara hiyo. Kinywaji cha vijiji vya pande hizo kilikuwa, na bado ni, munkoyo, unaopikwa kwa unga wa mahindi na kuchachushwa kwa mizizi ya mmea wa porini. Kinywaji cha meza za Wazungu, huko mjini barabara inakoishia, kilikuwa divai. Na miongoni mwa divai zote, ile ya Porto ilikuwa na heshima yake ya pekee, kwa kuwa ilikuwa tamu, kali, ya bei kubwa, na yenye kustahimili safari ndefu za joto.

Kati ya kibuyu cha munkoyo na chupa ya Porto palikuwa na umbali ambao haukuhesabiwa kwa kilomita. Wala haukuwa umbali wa fedha peke yake, maana karani au fundi wa Kiafrika wa Elisabethville katika miaka ya 1940 angaliweza, kwa kujinyima, kuinunua chupa hiyo. Wala haukuwa umbali wa ladha. Ulikuwa umbali wa sheria. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba tendo linaloonekana dogo, la mtu kuketi nyumbani kwake na chupa mbili mezani, kuzionja na kuamua ipi iliyo bora, lilikuwa katika Katanga ya kikoloni ni haki iliyogawiwa kwa rangi ya ngozi. Na kwamba haki hiyo ilipoanza kuombwa, mlango wa nyumba ndio uliogeuka kuwa mahali pa kupimwa ustaarabu wa mwombaji.

Majina mawili ya kinywaji kimoja

Yafaa kuanza na maneno yenyewe. Kiswahili kina majina mawili ya kinywaji cha zabibu, nayo yameingia kwa milango miwili tofauti. Mvinyo limetokana na neno la Kireno vinho. Ni mojawapo ya maneno yaliyobaki pwani baada ya Wareno kuondoka, na lina ndugu zake wanaofahamika: meza, kopo, kasha, bendera, leso, karata, gereza. Msomaji atatambua kwamba mvinyo, kopo na meza ni kama vyombo vya karamu moja. Wareno walifika Mombasa mwaka 1498, wakaanza kuijenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, nao wakanyang'anywa na Waomani mwaka 1698. Muda huo ulitosha kuacha jina la kinywaji, ingawa haukutosha kuwafanya wenyeji wengi wakinywe, kwa sababu Uislamu ulikuwa umekwisha kuota mizizi pwani muda mrefu kabla yao.

Hapa pana jambo linalostahili kuangaliwa kwa makini, maana ni rahisi mtu kudhani kwamba mvinyo wa Ngome ya Yesu ulikuwa ndio mvinyo wa Porto. Haukuwa. Divai za bonde la Douro zilianza kupata soko kubwa Uingereza mwishoni mwa karne ya 17, wakati Waingereza walipokosana na Wafaransa, na mkataba wa Methuen wa mwaka 1703 ukazipa nafuu ya ushuru. Mwaka 1756, chini ya waziri aliyekuja kujulikana kama Marquis wa Pombal, serikali ya Ureno iliunda kampuni ya kusimamia divai hizo na kuanza kuweka mipaka ya mashamba yaliyoruhusiwa kuzitoa. Desturi ya kutia brandi ndani ya divai kabla haijamaliza kuchachuka, ili utamu wa zabibu ubaki na nguvu iongezeke, ilienea taratibu katika karne ya 18 na ya 19. Kwa hiyo Wareno walikuwa wamekwisha kuitoa Mombasa mikononi mwao, isipokuwa kwa kipindi kifupi cha mwaka 1728 na 1729, kabla Porto haijawa Porto. Jina mvinyo ni la zamani kuliko kinywaji ambacho leo watu hulitumia kukitajia.

Neno la pili, divai, wanaisimu hulihusisha na Kifaransa du vin. Hili ni neno la wamisionari, na njia yake ni ya altare kabla ya kuwa ya duka. Bara, divai ndiyo iliyoshinda kama jina la kinywaji cha zabibu, wakati mvinyo limepanuka na kutajia hata vileo vikali visivyohusiana na zabibu kabisa. Katika Katanga hali ilikuwa wazi zaidi. Kiswahili kilifika huko pamoja na misafara ya wafanyabiashara na Wayeke wa Msiri waliotoka Unyamwezi, lakini kama Johannes Fabian alivyodai katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu lugha na mamlaka ya kikoloni, kukua kwake kuwa lugha ya miji ya migodi kulitokana zaidi na utawala, misheni na makampuni ya karne ya 20. Lugha ya serikali ilikuwa Kifaransa. Basi mtu wa Elisabethville alipokitaja kinywaji cha bwana wake, neno lililokuwa karibu na ulimi wake lilikuwa divai. Na Porto aliipokea kwa jina lake la Kifaransa, porto, bila kujua kwamba jirani zake wa pwani walikuwa na neno la Kireno kwa karne tatu.

Si kwamba Wareno walikuwa hawalijui bonde la Luapula. Mwaka 1798 Francisco José de Lacerda e Almeida alitoka Tete na msafara wake hadi kwa Mwata Kazembe, mashariki ya mto huo, akafia huko. Katika mwongo wa kwanza wa karne ya 19 wachuuzi wawili wa Kiafrika waliotumwa kutoka Angola, Pedro João Baptista na Amaro José, walipita kwa Kazembe wakafika Tete mwaka 1811. Gamitto na Monteiro wakafuata mwaka 1831. Wachuuzi wa namna ya Baptista waliitwa pombeiros, na mara nyingine wanafunzi hushawishika kuliunganisha jina hilo na pombe. Ni mfanano wa sauti tu. Pombeiro hutokana na jina la masoko ya Pumbu, karibu na bwawa la Malebo kwenye mto Kongo. Safari hizo hazikuzaa njia ya kudumu ya biashara ya Wareno, na mvinyo wao haukuacha jina katika lugha ya Katanga. Ulirudi baadaye, kwa reli.

Sheria ya digrii

Elisabethville ilianzishwa mwaka 1910, mwaka uleule reli kutoka kusini ilipofika. Kwa reli hiyo mji uliunganishwa na bandari ya Beira katika Msumbiji. Na tangu mwaka 1931, reli ya Benguela ilipokamilika, uliunganishwa pia na Lobito katika Angola. Milango yote miwili ilikuwa ya Wareno. Shaba ilitoka, na bidhaa za Ulaya zikaingia, kupitia makoloni ya nchi inayotengeneza Porto. Wakazi Wazungu wa miaka ya mwanzo hawakuwa Wabelgiji peke yao. Walikuwamo Waingereza na watu wa Afrika Kusini wengi kiasi cha kuutia utawala wa Ubelgiji wasiwasi. Kila taifa lilikuwa na saa yake ya Porto: Mwingereza huinywa baada ya chakula, pamoja na jibini na mazungumzo, Mbelgiji na Mfaransa huinywa kabla ya chakula, kufungua hamu.

Kwa Mwafrika wa mji huohuo hapakuwa na saa yoyote. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulikuwa umezuia vileo vikali, yaani vile vinavyopatikana kwa kuchemsha na kutonesha mvuke, katika eneo kubwa la Afrika lililo kati ya digrii 20 kaskazini ya ikweta na digrii 22 kusini. Katanga yote iko ndani ya mipaka hiyo. Mkataba wa Saint-Germain-en-Laye wa mwaka 1919 ukaongeza nguvu. Mikataba hii ilisemwa kuwa ni ya kuwalinda Waafrika, na haitakuwa haki kukana kwamba ramu na jini za biashara zilikuwa zimeleta maafa katika sehemu nyingi za Afrika ya Magharibi. Lakini katika Kongo ya Ubelgiji katazo lilipita mipaka ya vileo vikali. Mwafrika aliruhusiwa bia. Divai na vileo vikali vilikuwa vya Wazungu. Mpaka haukuwekwa tena kwa hatari ya kinywaji, bali kwa mnywaji. Chupa ileile, yenye digrii zilezile za kileo, ilikuwa halali katika nyumba moja na haramu katika nyumba nyingine iliyokuwa ng'ambo ya kanda tupu ya mita mia kadhaa iliyoutenga mji wa Wazungu na mji wa Waafrika.

Wakati huohuo bia ilihimizwa. Katika miaka ya 1920 kiwanda cha bia kilifunguliwa Elisabethville, nacho ndicho kilichozaa bia za Simba na Tembo. (Mtu wa pwani anayesoma jina hili la pili kwenye chupa hutabasamu, kwani kwake tembo ni kinywaji cha mnazi; Katanga ni mnyama mwenye mkonga.) Bia ilitozwa kodi, ilinywewa hadharani katika mabaa yaliyoweza kuangaliwa na polisi, na ilirudisha mshahara wa mfanyakazi katika mzunguko wa mji. Divai ingemwingiza Mwafrika katika chumba ambamo Wazungu walikuwa wakijitenga.

Kwamba mantiki hii ilikuwa ya siasa na si ya afya, kunaonekana mara tu mtu avukapo mpaka. Katika Msumbiji na Angola, Wareno walifuata njia iliyo kinyume kabisa. Divai ya hali ya chini kutoka Ureno iliuzwa kwa makusudi kwa Waafrika, na vinywaji vya kienyeji vikapigwa vita ili visishindane nayo. Biashara hiyo ilikuwa na jina lake la dharau katika Kireno, lenye maana ya divai ya mtu mweusi, na José Capela aliiandikia kitabu chenye jina hilohilo mwaka 1973. Basi mfanyakazi aliyehama kutoka Angola kwenda kwenye migodi ya Katanga alitoka katika nchi ambayo serikali ilimtaka anywe divai, akaingia katika nchi ambayo serikali ilimwadhibu kwa kuinywa. Mwili wake ulikuwa uleule. Lililobadilika ni nani aliyekusudia kufaidika.

Mtu anayemimina

Wazungu wa Elisabethville hawakujimiminia wenyewe. Palikuwa na mtu wa tatu katika kila karamu, naye ni mtumishi wa nyumbani, aliyeitwa boyi hata akiwa na wajukuu. Kundi hili la watu limeacha maandishi ya aina yake: mwaka 1965 André Yav aliandika kwa Kiswahili cha Katanga historia ya mji kama ilivyoonwa na watumishi wa nyumbani, akaiita kwa Kifaransa Vocabulaire de ville de Elisabethville. Fabian na wenzake waliichapisha mwaka 1990 pamoja na tafsiri na maelezo. Kwa wanafunzi wa Kiswahili thamani ya maandishi hayo haiko katika usanifu wa lugha, maana hayakufuata sanifu ya mtu yeyote. Iko katika kuonyesha kwamba waliokuwa wakisimama nyuma ya viti walikuwa wakihifadhi kumbukumbu zao wenyewe za nani alikuwa nani mezani.

Porto ni kinywaji kinachohitaji mtumishi kuliko divai nyingi. Ile iitwayo vintage hukaa miaka kama miwili tu ndani ya pipa, kisha hutiwa chupani na kuachwa ikomae humo kwa miongo. Kwa kuwa haikuchujwa, hujenga mashapo mazito. Chupa lazima isimamishwe wima kutwa au zaidi, kizibo kizibuliwe bila kukivunja, na kinywaji kimiminwe polepole katika chombo kingine mbele ya mwanga hadi mashapo yaanze kuonekana shingoni, ndipo mkono usimame. Ile iitwayo tawny hukomaa ndani ya mapipa, ambamo hewa huipoteza wekundu na kuigeuza rangi ya kahawia yenye dhahabu, na harufu yake huelekea ya karanga na matunda makavu. Nayo haina haja ya kumiminwa hivyo. Ruby ni changa, nyekundu, yenye tunda la wazi, na ndiyo ya bei nafuu. Nambari 10, 20, 30 au 40 kwenye chupa ya tawny hutaja umri unaokisiwa wa mchanganyiko, si mwaka wa mavuno.

Mambo haya hayajifunzwi kwa kusoma tu. Hujifunzwa kwa mkono, jicho na pua, na katika nyumba za Elisabethville mkono uliozibua kizibo, jicho lililotazama mashapo, na pua iliyokuwa karibu zaidi na bilauri wakati wa kumimina, vilikuwa vya boyi. Yeye ndiye aliyejua chupa ipi iliyoharibika kwa joto la Oktoba, ipi iliyofunguliwa juzi na kuanza kuchosha, ipi bwana aliyowaficha wageni wasio na cheo. Sheria iliweza kuukataza ulimi. Pua haikuwahi kutungiwa sheria. Hivyo ujuzi wa kulinganisha chupa ulikuwapo miongoni mwa Waafrika wa mji kabla ya haki ya kuzinywa kuwapo, na hali hii ya kujua bila kuruhusiwa ndiyo inayoeleza kwa nini suala la divai liliuma kuliko ukubwa wake.

Palikuwa na Mwafrika mwingine aliyeishika divai kihalali. Tarehe 21 Julai 1917 Stefano Kaoze alipewa upadri Baudouinville, karibu na ziwa Tanganyika, akiwa Mkongo wa kwanza wa enzi ya ukoloni kuupokea. Tangu siku hiyo palikuwa na mtu mweusi katika Katanga ambaye kila asubuhi alikunywa divai kutoka kikombe cha Misa, kwa wajibu na mbele ya watu. Waumini wa kawaida wakati huo walipokea mkate peke yake. Ikumbukwe kwamba si kila divai iliyofaa kwa Misa; Kanisa liliweka masharti ya usafi wake na ya kiasi cha nguvu inayoweza kuongezwa, na Porto kwa kawaida huvuka kiasi hicho. Kwa hiyo hata kwenye altare Porto ilibaki nje. Lakini kisa cha Kaoze kinaonyesha ugumu wa hoja ya kitabibu: kama divai ilikuwa na madhara ya pekee kwa mwili wa Mwafrika, ilikuwaje mwili wa padri usidhurike?

Nyumba inayokaguliwa

Baada ya Vita Kuu ya Pili swali likatoka jikoni likafika sebuleni. Kundi la makarani, walimu, wauguzi na mafundi, walioitwa kwa Kifaransa évolués, yaani walioendelea, walianza kudai wapewe hadhi iliyolingana na elimu yao. Gazeti la La Voix du Congolais, lililotoka Léopoldville tangu mwaka 1945 chini ya Antoine-Roger Bolamba, lilikuwa jukwaa lao. Serikali ilijibu kwa vyeti. Mwaka 1948 kilianzishwa kitambulisho cha mérite civique, na mwaka 1952 hati ya immatriculation, iliyokusudiwa kumweka mwenye nayo karibu na Mzungu mbele ya sheria.

Namna ya kuvipata vyeti hivyo ndiyo yenye uzito hapa. Mwombaji aliulizwa juu ya kazi, elimu, ndoa na tabia, naye alitembelewa nyumbani. Wakaguzi walitaka kujua kama familia hula mezani kwa kisu na uma, kama watoto wana mahali pao pa kulala, kama jiko ni safi, kama mume na mke huketi pamoja. Elimu ya mtu ilipimwa kwa vyombo vyake. Mzigo mkubwa wa mtihani huo ulimwangukia mke, ambaye aghalabu hakuwa na cheti cha shule cha mumewe, na ambaye madarasa ya foyers sociaux yalimfundisha kushona, kupika na kutandika meza kwa kipimo cha mwanamke wa Ubelgiji. Mume aliomba, nyumba ya mke ndiyo iliyohukumiwa. Historia ya évolués imeandikwa zaidi kupitia magazeti na hotuba za wanaume, na upande huu haujapewa nafasi unayostahili.

Wachache mno walipita. Patrice Lumumba mwenyewe, karani wa posta wa Stanleyville, alikataliwa mara ya kwanza kabla ya kupewa hati ya immatriculation mwaka 1954. Mwishoni mwa miaka ya 1950 waliopata mérite civique walikuwa takriban 1,500, na familia zenye immatriculation zilikuwa kama 200 tu, katika nchi yenye watu zaidi ya milioni 13.

Katika malalamiko ya watu hawa divai ilirudi tena na tena, pamoja na mabehewa ya treni, saa za kutembea usiku na namna ya kuitwa kwa wewe au ninyi katika Kifaransa. Wasomaji wa baadaye wamewacheka kwa hilo, wakiona ni ubatili wa watu waliotaka kuwa Wazungu weusi. Kicheko hicho hakina haki. Mtu aliyeambiwa kuwa ustaarabu ni meza, kisu, uma na bilauri, akazinunua zote kwa mshahara wake mdogo, ana haki ya kuuliza kwa nini bilauri yake lazima ikae tupu. Hakuwa akidai ulevi. Ulevi ulipatikana kwa bia, tena kwa bei rahisi. Alikuwa akidai kuaminiwa kuwa anaweza kunywa kidogo. Na kunywa kidogo, kwa kuonja na kulinganisha, ndiko hasa kulikotenganisha, kwa macho ya Wazungu wenyewe, mtu muungwana na mtu mlevi.

Katikati ya miaka ya 1950 katazo liliondolewa. Halikuondolewa kwa sababu miili ya Waafrika ilikuwa imebadilika; liliondolewa kwa sababu lilikuwa limeshindwa kutetewa, katika Kongo kama katika makoloni ya Waingereza ambako sheria za namna hiyo zililegezwa miaka hiyohiyo. Kufumba na kufumbua jambo lililokuwa kosa likawa ununuzi wa kawaida, kwa yule mwenye fedha.

Baada ya katazo

Ingekuwa kosa kusema kwamba Elisabethville iligeuka mji wa divai. Bia ilikuwa imekwisha kuchukua nafasi yake katika miaka thelathini ya kuwa kileo pekee cha dukani kilichoruhusiwa, na nafasi hiyo haijaipoteza hadi leo. Divai iliingia katika nyumba kwa siku kubwa: ndoa, ubatizo, kupandishwa cheo, kutembelewa na mkwe. Chupa isiyofunguliwa iliweza kukaa kabatini nyuma ya kioo muda mrefu kuliko ilivyopaswa, ikionekana na wageni. Na kwa divai ya kawaida hilo ni maangamizi, maana hewa kavu ya miezi ya baridi hukausha kizibo na joto la Oktoba huipika. Porto, kwa brandi yake na sukari yake, ndiyo iliyovumilia zaidi desturi hiyo. Tawny iliyofunguliwa huweza kudumu wiki kadhaa. Vintage iliyofunguliwa hufifia kwa siku chache, na huyo hana subira na mtu anayengoja mgeni wa Jumapili ijayo.

Kisha mambo ya dunia yakaingilia. Uhuru ulikuja tarehe 30 Juni 1960, na siku kumi na moja baadaye Katanga ikajitangaza kujitenga, hali iliyodumu hadi Januari 1963. Mji ukaitwa Lubumbashi mwaka 1966. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza hatua za kuwanyang'anya wageni biashara zao na kuwapa raia. Wagiriki na Wareno, waliokuwa wenye maduka mengi mjini na vijijini, walipoteza mali, na wengi wakaondoka. Warithi wengi wa maduka hayo walishindwa kuyaendesha, na rafu za bidhaa za nje zikawa tupu. Chupa ya Porto ikarudi kuwa adimu, safari hii bila sheria ya rangi.

Kinywaji ambacho hakikuwahi kuwa adimu ni kile ambacho hakuna aliyekipigania magazetini. Lutuku, kileo kikali kinachotoneshwa majumbani kwa mahindi au mihogo, kilikuwa kosa wakati wa ukoloni, na katazo la divai lilipoondolewa katikati ya miaka ya 1950 lutuku haikuguswa. Évolués hawakuitetea. Kwa wengi wao ilikuwa ni aibu ya mtaa, jambo la wanawake maskini na wateja wao, nao walikuwa wamejitahidi mno kujitenga nayo ili waonekane wanastahili bilauri. Lakini aliyetonesha lutuku Katuba au Kenya, mitaa ya Waafrika ya mji huo, alikuwa na ujuzi wake wa kulinganisha: tone la kwanza lenye sumu analolimwaga, la katikati analoliuza, la mwisho lenye maji analolirudisha chunguni. Naye alikuwa na wanunuzi wanaojua mkono wa mama yupi ni safi, kama vile wanavyojua kando ya barabara ya Kasomeno munkoyo wa nani ni mtamu siku ya kwanza na wa nani husubiriwa hadi siku ya tatu.

Hivyo, katika miaka ile ya mwisho ya ukoloni, palikuwa na nyumba mbili jirani katika mtaa mmoja. Katika ya kwanza mlango wa mbele uliachwa wazi jioni, taa ikawashwa, na chupa ikawekwa mahali ambapo mpita njia angeweza kuisoma jina. Katika ya pili chungu kilikuwa uani, moto umefunikwa, na mtoto amewekwa kwenye kona ya njia kuangalia kama polisi wanakuja.